Kitasa cha Venisi

Nakumbuka Jumamosi moja, Mwanangu, nilipoulizwa swali dogo mbele ya watu wazima watatu nikakosa jibu. Swali lenyewe lilihusu kitasa cha mlango. Nilikuwa nimetoka Ulaya juzi yake, nimevaa koti ambalo kwa joto la Kariakoo halikuwa na kazi yoyote ila kuonekana, na nilidhani hakuna jambo la dunia nisilolijua. Leo nina umri wa kuitwa bibi, nina karakana yangu mtaa wa Gerezani, na bado nikilikumbuka swali lile masikio hunipata moto.

Nakuandikia kwa sababu jana ulipokuja kuniaga ulinionyesha simu yako. Umepata nafasi ya kusoma Polandi. Hongera sana, nimefurahi mpaka nimewatangazia hata wasiotaka kusikia. Kisha ukanifungulia orodha ya safari: wikiendi ya kwanza Berlini, ya pili Praha, ya tatu Viena, hivyo hivyo mpaka Krismasi. Nilikuona ukinitazama kwa pembe ya jicho, unasubiri nikukemee. Sikukemei. Tembea uone, ndivyo tulivyoambiwa sote. Ila kaa kidogo nikusimulie nilivyotembea mimi nisione.

Baba yangu alikuwa na duka la vitasa Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni. Vitasa, makufuli, bawaba na makomeo, basi. Kwa kuwa sisi ni Wachaga, mtaa mzima ulimwita Mangi, yaani chifu, na mimi nikawa mtoto wa Mangi. Nilijua kupanga funguo kwenye misumari kabla sijajua kusoma. Nikapenda hesabu, nikapenda vyuma, nikapata ufadhili wa kusomea uhandisi wa mitambo katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Siku ya kuondoka baba alifunga duka saa sita mchana anisindikize uwanja wa ndege, na wateja wakaambiwa warudi kesho.

Kule, Ijumaa saa nane mchana vipindi vilikwisha, na treni zilikuwa zinaondoka kila upande. Mpaka wa nchi unauvuka umesinzia, hakuna anayekugongea dirisha kuuliza pasipoti. Kwa msichana aliyewahi kukaa nusu siku Namanga akisubiri mhuri, hebu fikiria. Nikachanganyikiwa kwa raha. Kwa mwaka mmoja na nusu nilizunguka miji kumi na tisa. Nafika Jumamosi asubuhi, napiga picha mnara, kanisa na daraja, nakula mkate niliobeba kwenye mkoba, Jumapili jioni nimesharudi. Picha nazisafisha, natuma Kariakoo kwa posta.

Baba alizibandika ukutani juu ya makufuli. Mteja akija kununua bawaba alizungushwa Ulaya nzima kwanza, mji kwa mji, na nadhani wengine waliongeza bawaba ya pili ili waruhusiwe kwenda zao.

Lakini chuoni mambo hayakuwa mazuri. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na mradi wa kuhitimu: atafute tatizo moja la kweli, aunde kitu cha kulitatua. Mimi wikiendi niko kwenye treni, Jumatatu niko usingizini, Jumanne napanga wikiendi. Nikapeleka kurasa kumi na mbili kuhusu pampu ya maji ambazo hata mwenyewe sikuzielewa. Profesa wetu, mama mmoja mrefu asiyepandisha sauti, alinirudishia zote. "Hapa sioni tatizo la mtu yeyote," akasema. Akanipa muhula mmoja tu. Nisipoleta mradi wa maana mwisho wa muhula huo, ufadhili unakatwa na narudi nyumbani bila shahada. Nikapanda ndege kuja likizo nikiwa na siri hiyo moyoni, na baba sikumwambia.

Sasa unajua desturi yetu. Mtu akitoka safari, salamu zikiisha huwekwa kitini atoe habari. Jumamosi ile viti vilitolewa mbele ya duka. Alikuwepo baba, alikuwepo Ami Saidi, jirani yetu muuza mazulia, ambaye babu yake alitoka Uarabuni lakini yeye mwenyewe ni wa Kariakoo kuliko soko, na alikuwepo Mama Neema, muuza masufuria. Ami Saidi akaagiza kahawa na kashata. Nikawaamkia, nikakaa, nikaanza na Parisi.

Ami Saidi alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika Viena. "Ehe, huko Viena," akauliza, "zulia wanatandika ukuta hadi ukuta, au wanaacha sakafu ionekane?"

Nikamjibu kwamba sikuingia ndani ya nyumba ya mtu.

"Siku mbili nzima hakuna aliyekukaribisha?"

"Sikumbishia mtu hodi, Ami. Nililala kwenye bweni la wasafiri."

Mama Neema naye akataka kujua wanapikia sufuria nzito au nyepesi. Sikujua, nilikuwa nakula mkate. Wakatazamana. Baba alikuwa bado anatabasamu, lakini nilimjua, tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. Nikaona nimwokoe kwa picha niliyoipenda kuliko zote: mimi katikati ya njiwa, katika mji wa Venisi. Nikaeleza kwamba mji ule umejengwa baharini, mitaa yake ni maji, na maji ya chumvi hupanda mpaka vizingitini.

Baba akavua miwani. "Maji ya chumvi?"

"Ndiyo, baba."

"Yanafika mlangoni?"

"Yanafika. Kuna siku yanaingia na ndani."

Akasogeza kiti chake karibu na changu. Mwanangu, sikuwahi kumwona baba akinisikiliza vile. "Basi hapo hapo niambie," akasema. "Milango yao ina vitasa gani?"

Ni lazima uelewe kwa nini aliuliza. Vitasa alivyouza vilikuja na makontena, vinang'aa, bei yake kila mtu anaiweza. Lakini hewa yetu ina chumvi. Masika mawili yakipita, ufunguo unagoma, na mteja anarudi amekunja uso. Baba alikuwa amelibeba tatizo hilo miaka yote ya biashara yake. Sasa mwanawe mwenyewe, mhandisi mtarajiwa, alikuwa ametembelea mji mzima unaoishi ndani ya chumvi. Na mimi nilikuwa nimewapiga picha njiwa.

Nikadanganya. "Ni kama hivi vyetu tu, baba."

Akageuka akatazama rafu zake. "Kama hivi," akasema taratibu. "Hivi vinavyokufa kwa masika mawili." Ami Saidi akaanza kuzungumzia bei ya kahawa, maana mstaarabu akiona mwenzake kavuliwa nguo hutazama pembeni. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mbele ya duka la baba.

Jumatatu asubuhi baba aliniambia nimfuate Upanga. Tulikwenda kwa Mama Shirin, bibi mmoja mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akiishi ghorofa ya tatu, mteja wetu wa siku nyingi. Kitasa cha chumba chake cha kulala kilikuwa kimegoma tangu Jumapili jioni, naye amelala sebuleni, na miwani yake na dawa zake za presha ziko ndani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia baba. "Mangi, kitasa chako kimenifukuza chumbani kwangu."

Baba, mwenye sauti iliyojulikana mpaka kituo cha basi, aliomba radhi kwa sauti ndogo. Iliniuma kumsikia. Akanikabidhi bisibisi na tochi. "Wewe ndiye mhandisi. Piga magoti."

Nilihangaika na tundu lile karibu saa nzima. Mlango ulipokubali, Mama Shirin aliingia kwenye dawa zake bila kututazama, nami nikakiweka kitasa mezani nikakifumua. Nje kilikuwa shaba tupu, kinang'aa kama siku kilipouzwa. Ndani springi ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu, nilipoigusa ikamong'onyoka. Sijui ni kitu gani kilinivunja, lakini pale pale nikamwambia baba yote: pampu, profesa, muhula mmoja uliobaki, na kwamba vitasa vya Venisi sikuviangalia hata kimoja.

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeona nafuu. "Aikande," akaniita, "nilikupeleka ili macho yako yafike. Picha hata dukani zinauzwa."

Nami kwa ujeuri wa ujana nikamrushia methali. "Lakini baba, si wanasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota?"

"Huokota anayeangalia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe miji kumi na tisa umeipita umesimama wima, kama hiyo minara yako."

Nikalia. Mama Shirin alikuwa amerudi na birika. "Mwache anywe chai kwanza, Mangi," akasema. "Akimaliza, mfukuze arudi akainame." Baba akacheka bila kutaka, nami nikacheka huku kamasi zinanitoka. Tuliposhuka ngazi akanifungia kile kitasa kibovu kwenye gazeti. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaniambia. Muhula mmoja bado ni muhula.

Nilirudi chuoni, na Ijumaa ya pili nikapanda treni ya Venisi. Kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi. Sikwenda kwa njiwa. Niliingia vichochoro vya nyuma, kule ambako watu wanaanika nguo zao, nikatafuta mlango wenye alama ya maji. Nikaupata mmoja, mbao zake zimekuwa nyeusi mpaka usawa wa goti, kitasa chake kikuukuu lakini laini. Nikapiga magoti, nikawasha tochi, nikachungulia.

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu, mwanamke mgeni, mweusi, amepiga magoti kwenye tundu la ufunguo la mtu, ana tochi mkononi na bisibisi mfukoni. Hata ningekuwa mimi mwenye nyumba ningepiga kelele. Mama yule alipiga, na madirisha ya juu yakafunguka moja moja. Kiitaliano changu kilikuwa salamu na asante. Nikafungua gazeti nikamwonyesha kile kitasa. Nikatoa picha ya baba amesimama katikati ya makufuli yake. Nikagusa picha, nikagusa kutu, nikagusa mlango wake.

Akaitazama picha. Akakitazama kitasa. Akaanza kucheka, akanishika mkono kwa nguvu, nami nikajua safari ni ya polisi. Kumbe alinipeleka mtaa wa pili kwa fundi wa vitasa, mzee mwenye vidole vyeusi kwa grisi na karakana isiyozidi stoo ya baba kwa ukubwa.

Mzee akakinusa kitasa chetu. Akachukua kipande cha shaba na kipande cha chuma, akavibananisha pamoja, kisha akavitenganisha kwa kidole huku akitikisa kichwa. Nikaelewa. Chuma na shaba vikigusana penye maji ya chumvi, chuma huliwa upesi zaidi. Jambo hilo nililisoma darasani na mtihani wake nikaufaulu, lakini sikuwahi kulihusisha na bibi aliyelala sebuleni kwake. Vitasa vya mzee vilikuwa shaba yote, hata springi. Vipande vyake havikubanana sana, ili chumvi isivikwamishe, na chini palikuwa na kitundu cha kutolea maji. Ukiona vyaelea vimeundwa, nami nilikuwa nimevipita vikielea.

Tangu siku ile nilikwenda mji huo huo, wikiendi kwa wikiendi, mpaka mkata tiketi akanizoea. Nilifagia karakana, nikapiga tupa mpaka nikatoka malengelenge, na mzee alikataa kazi yangu mara nyingi kuliko alivyoikubali. Mchana nilikula kwa yule mama aliyenipigia kelele. Hapo ndipo nilipojua kwamba wanapikia sufuria nzito, na kwamba maji yakitangazwa kupanda mazulia hukunjwa na kupelekwa ghorofani kabla ya kitu kingine chochote. Niliyaandika yote kwenye daftari.

Lakini kitasa cha mzee kilikuwa ghali, kazi ya mkono mtupu. Baba asingekiuza. Ndipo nikawakumbuka mafundi wa Gerezani, wanavyoyeyusha koki mbovu za shaba na kuzimimina upya kwenye kalibu za mchanga. Hilo likawa mradi wangu: kitasa cha hewa ya chumvi, chenye vipande vichache, ambacho fundi wa Gerezani anaweza kukimimina kwa koki mbovu. Nilikichora mara thelathini na kitu. Nilikimimina mara sita kwenye karakana ya chuo, mara tano kikaharibika.

Siku ya kuutetea mradi, watahini watano walikaa mezani, profesa wangu katikati. Nilikwenda na ndoo ya maji ya chumvi. Ndani yake, kwa wiki sita, nilikuwa nimelaza vitasa viwili: kimoja kipya kutoka dukani kwa baba, alichonitumia kwa posta, na kimoja changu. Nikakitoa cha duka. Ufunguo uliingia nusu ukagoma. Nikakitoa changu, kinachuruzika. Mwanangu, nilimwomba Mungu kwa Kichaga, Kiswahili na Kijerumani. Nikaingiza ufunguo, nikazungusha, ulimi wa kitasa ukatoka safi, nikasikia sauti yake mpaka kifuani.

Profesa akanyoosha mkono akitaka kujaribu mwenyewe. Akafunga, akafungua. Akafunga tena, akafungua. Watahini wenzake wakasimama kumzunguka, kila mmoja anataka zamu yake, na meza yao nzuri ikalowa maji ya chumvi yote. "Huyu bibi wa ghorofani anaendeleaje?" profesa akaniuliza, maana nilikuwa nimemwandika Mama Shirin kwenye ukurasa wa kwanza. Nikamwambia anaendelea vizuri, anasubiri kitasa. Wakanipa alama ya juu kabisa ya mwaka ule. Nikatoka nje, nikapiga kigelegele peke yangu kwenye korido, na Wajerumani wakafungua milango kuona kumepatikana nini. Kumepatikana shahada. Nilifurahi furaha ambayo miji kumi na tisa haikuwahi kunipa.

Niliporudi, kitasa cha kwanza tulikimimina Gerezani, na baba alikifunga mwenyewe kwenye mlango wa Mama Shirin, akakataa kupokea hata chai mpaka amekijaribu. Wajukuu wa Mama Shirin wanakitumia hadi leo. Vya pili na vya tatu vilikwenda dukani, na baada ya hapo sikuhesabu tena, maana wenye nyumba za pwani nzima walianza kuuliza kitasa cha mtoto wa Mangi.

Jumamosi ya kwanza baada ya kukifunga kile cha Mama Shirin, viti vilitolewa tena mbele ya duka, kahawa ikaagizwa. Ami Saidi akauliza mazulia, nikamjibu mpaka akapiga paja kwa furaha. Mama Neema akauliza sufuria, nikamwambia uzito, kina na hata namna wanavyozisugua. Waliniuliza mpaka adhana ya magharibi ikaanza, Ami Saidi akainuka kwa shingo upande. Baba alikuwa hajauliza kitu. Alikuwa ameshika kitasa mapajani, anakifunga na kukifungua. Ndipo akaniambia, "Leo ndiyo umefika Ulaya, Aikande."

Basi, Mwanangu, hiyo ndiyo nasaha yangu. Tembea. Wikiendi zote tembea, maana ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini usiondoke na mkoba mtupu wa maswali. Sisi hapa tuna mambo yanayotusumbua kila siku; chagua moja, libebe, ukaulize huko kila unakofika, na kuuliza si ujinga. Mji ukikuvutia, urudie mara ya pili na ya tatu, maana mara ya kwanza unaona ulichotumwa na kadi za posta. Bisha hodi. Kula kwenye meza za watu, jua majina yao, hata kama utaanza kwa kupigiwa kelele. Na siku utakapoanguka masomoni, kwa sababu kila mwanadamu huanguka, sema mapema kwa anayekupenda. Mimi nilibeba aibu yangu kutoka Ujerumani mpaka Upanga, na ilikuwa nzito kuliko masanduku.

Ukisikia mtu anakuambia kusafiri ni kupoteza muda, mwambie bibi yako wa Gerezani anakataa. Nimekula matunda ya safari maisha yangu yote. Nimesomesha watoto kwa safari, nimeajiri mafundi kumi na wawili kwa safari, na baba yangu amekwenda kaburini akijulikana kwa vitasa visivyokufa.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie katika kila stesheni, akukutanishe na watu wema, akuponye na baridi na upweke wa siku za kwanza. Akupe macho ya kuona na moyo wa kukubali kufundishwa na yeyote. Na siku ya kurudi, akurudishe mzima, una shahada mkononi na jambo la kutufaa kichwani, nasi tukupokee kwa vigelegele ambavyo umevifanyia kazi. Amina.